Malumbano ya washairi: Mchezo uliolea ushairi wa Kiswahili

KWA miaka mingi, mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya amekutana na shairi akiwa na kalamu ya mtihani mkononi. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, huulizwa shairi ni la bahari gani, vina vyake vimepangwa vipi na mshairi ametumia uhuru upi. Akishajibu, karatasi hukusanywa na shairi lenyewe husahaulika.

Ni nadra mwanafunzi huyo kuulizwa swali ambalo wazee wa Mombasa na Lamu wangemuuliza kwanza: Je, utamjibu vipi mtunzi huyu?

Swali hilo ndilo lililoulea ushairi wa Kiswahili kwa zaidi ya miaka 200. Shairi lilitungwa likitarajia jibu, na jibu likazua jibu jingine, hadi mji mzima ukajua beti za pande zote mbili. Kutokana na mchezo huo kulizuka jamii ya watu waliosomana, waliokosoana, waliotaniana na wakati mwingine waliogombana, wote wakitumia mizani na vina.

Kazi hiyo ya kutupiana na kujibizana kwa mashairi ndiyo inayoitwa malumbano. Wengine huiita majibizano au kujibizana.

Maana ya malumbano

Kulumbana ni kushindana kwa maneno, na mlumbi ni mtu mwenye ufasaha wa kuzungumza. Malumbano ya kishairi basi ni mashindano ya ufasaha ambamo silaha pekee inayoruhusiwa ni ubeti.

Mshairi wa kwanza hutoa hoja, swali, fumbo, lalamiko au tambo. Mshairi wa pili humjibu, na kwa kawaida huzifuata kanuni zile zile za mwenzake. Ikiwa wa kwanza ametumia beti za mishororo minne yenye mizani 16, wa pili naye hufanya hivyo. Mjuzi zaidi hujibu kwa vina vile vile alivyorushiwa.

Malumbano hayana budi kutofautishwa na ngonjera. Katika ngonjera, wahusika wawili au zaidi hubishana jukwaani, lakini maneno ya wote yametungwa na mtu mmoja, na aghalabu upande mmoja hukubali kushindwa mwishoni. Mathias Mnyampala (1917-1969), Mgogo kutoka eneo la Dodoma, ndiye aliyeukuza sana utanzu huo nchini Tanzania, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilienea shuleni kama njia ya kufundisha siasa ya ujamaa.

Katika malumbano, kila upande una kichwa chake. Hakuna anayejua mwenzake atajibu nini, wala mchezo utakwisha lini. Hapo ndipo utamu wake ulipo.

Mafumbo ya kale

Mizizi ya mchezo huu ni ya kale kuliko gazeti na kuliko shule. Katika ngoma ya gungu, iliyochezwa na waungwana wa Lamu na Pate, fumbo lilitolewa kwa wimbo na likafumbuliwa kwa wimbo.

Utaratibu huo hauko mbali na kitendawili, ambacho kila Mkenya aliyelelewa na bibi yake anakijua. Mtegaji husema "Kitendawili!" na wenzake huitikia "Tega!" Wakishindwa, huombwa mji, nao hutaja mji na kumpa. Fumbo la kishairi ni kitendawili kilichovishwa vina, na aliyeshindwa kulifumbua hutoa heshima yake badala ya mji.

Njia nyingine ya kale ya kuzungumza na mshairi mwenzako ni takhmisa. Mshairi huchukua mishororo miwili ya mwingine, akatunga mitatu yake na kuitanguliza, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Neno lenyewe limetokana na tarakimu ya tano katika Kiarabu.

Mfano mashuhuri ni takhmisa ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Sayyid huyo alilitia mishororo yake shairi linalohusishwa na Fumo Liyongo, shujaa ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa zamani. Kwa hivyo, mshairi anaweza kushirikiana hata na marehemu, mradi aziheshimu kanuni za aliyemtangulia.

Muyaka na mashairi ya sokoni

Anayetajwa zaidi katika historia ya malumbano ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840 hivi. Kabla ya zama zake, sehemu kubwa ya ushairi wa Kiswahili uliohifadhiwa kwa maandishi ilihusu dini. Muyaka anasifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni.

Alitunga kuhusu mapenzi, njaa, biashara, safari za baharini, majirani wasengenyaji na siasa za watawala wa Kimazrui. Mengi ya mashairi yake ni mafupi, baadhi yakiwa na ubeti mmoja tu, na yalifaa kukaririwa barazani na kupelekwa mdomo kwa mdomo.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilikuwa na uhasama mkubwa uliofikia kilele katika Vita vya Shela, karibu na mwaka 1812. Muyaka aliitetea Mombasa, naye Zahidi Mngumi akaitetea Lamu. Wawili hao walirushiana mashairi ya kejeli na vitisho, huku watu wa miji yote miwili wakisubiri kusikia nani amejibiwa na amejibiwa nini.

Mashairi ya Muyaka yangepotea kama wasikilizaji wasingeyahifadhi vichwani. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kwa ushirikiano na Mwingereza W. E. Taylor. Mwaka 1940, William Hichens aliyachapisha kwa jina la Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu kingine kinachoeleza mazingira yaliyoyazua.

Maelezo hayo yana umuhimu wake. Shairi la malumbano ni nusu ya mazungumzo, na msomaji asiyejua nusu ya pili huambulia maneno matupu.

Magazeti yafungua uwanja

Karne ya 20 ilileta uwanja mpya. Gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, na mashairi ya wasomaji yakapata nafasi ndani yake. Shaaban Robert (1909-1962) ni miongoni mwa washairi ambao kazi zao zilisomwa humo kabla ya kutoka vitabuni.

Magazeti ya Kiswahili yaliyofuata, yakiwemo Baraza na Taifa Leo ya Nairobi, yaliendeleza desturi hiyo. Ukurasa wa mashairi ukawa baraza pana kuliko baraza lolote la pwani. Karani wa Ujiji aliweza kumjibu mwalimu wa Tanga, na mwalimu wa Tanga akamjibu mfanyabiashara wa Mombasa, ilhali watatu hao hawajawahi kuonana.

Kuchelewa kwa posta kuliutia mchezo ladha. Aliyetuma jibu alingoja wiki kadhaa kabla ya kulisoma, na wasomaji wengine walikuwa na muda wa kujaribu majibu yao nyumbani.

Uwanja huo uliwakaribisha watu wa bara. Mnyampala alikuwa Mgogo, naye Sheikh Amri Abedi alitoka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1954, Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichoeleza kwa utaratibu kanuni ambazo wenyeji wa pwani walizipokea kwa masikio.

Kitabu hicho kilikuwa na manufaa ya moja kwa moja kwa wachezaji wapya. Mtu asiyezaliwa katika nyumba ya washairi aliweza kujifunza kanuni peke yake, akatuma shairi, na akajibiwa kama mshairi mwingine yeyote.

Kanuni za mchezo

Wapo wanaoziona kanuni za ushairi kama pingu. Katika malumbano, kanuni hufanya kazi ya mistari ya uwanja wa kandanda: bila mistari hiyo, hakuna anayeweza kusema mpira umetoka au bao limeingia.

Shairi la kawaida la malumbano lina beti za mishororo minne, yaani tarbia. Kila mshororo hugawika vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande huwa na mizani minane. Mizani ni silabi zinazotamkika. Kina cha kati hukaa mwishoni mwa ukwapi na kina cha mwisho hukaa mwishoni mwa utao.

Ubeti ufuatao umetungwa kuwa mfano wa fumbo la kuanzishia malumbano:

Nina kitu changu mimi, sikukipata dukani,
Hukaa kwenye ulimi, hakishikwi mkononi,
Watumiao si mimi, ni rafiki na jirani,
Nifapo hakifi nami, malenga, ni kitu gani?

Kina cha kati ni "mi" na cha mwisho ni "ni". Anayetaka kujibu ana kazi tatu: kulifumbua fumbo, kuvifuata vina hivyo, na kumwachia mwenzake jambo la kujibu. Jibu laweza kuwa hili:

Pokea jibu, msomi, fumbo nimelibaini,
Ni jina, tena sikomi, kwani lina walakini,
Lako wewe silisemi, limefichwa lakabuni,
Lifichue, nawe nami, tujuane hadharani.

Mjibuji amelitaja jina, ambalo ni la mtu lakini hutumiwa zaidi na wengine. Kisha amemgeuzia mtegaji kibao kwa kumdai jina lake halisi. Sasa zamu ni ya mtegaji, na mchezo unaendelea.

Lakabu anayoitaja ni jina la kupanga ambalo mshairi hujulikana kwalo. Washairi wa magazetini wamelithamini sana. Ustadh Andanenga wa Tanzania, kwa mfano, alijulikana kwa lakabu ya Sauti ya Kiza. Lakabu humpa mwenye haya ujasiri wa kuthubutu, na humwezesha mtu mwenye cheo kutaniwa bila cheo chake kuguswa.

Kanuni zinapozozaniwa

Jamii ya washairi ilifika mahali ikazilumbania kanuni zenyewe. Mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi (1944-2020) alichapisha diwani ya Kichomi, iliyokuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya kimapokeo. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi nao walitetea haki ya mshairi kutunga kwa njia mpya, na hoja zao zimo katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu.

Wanamapokeo, akiwemo Saadan Kandoro, walishikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi la Kiswahili. Wanamabadiliko wakajibu kwamba ushairi hauanzi wala hauishii kwenye hesabu ya silabi.

Nchini Kenya, mashairi huru yalipata watetezi wao. Alamin Mazrui alitoa Chembe cha Moyo mwaka 1988, naye Kithaka wa Mberia akatoa Mchezo wa Karata mwaka 1997.

Mgogoro huo haukumalizika kwa upande mmoja kushinda. Leo shairi huru na shairi la arudhi husomwa darasa moja. Hata hivyo, malumbano yenyewe yamebaki zaidi mikononi mwa wanamapokeo, kwa sababu ni rahisi kumjibu mtu mnapokubaliana juu ya umbo. Shairi huru laweza kujibiwa pia, ila wachezaji hulazimika kwanza kutafuta kitu kingine cha kushikilia, kama vile taswira moja au neno moja linalorudiwa.

Utani unapogeuka uadui

Malumbano yana hatari yake, na historia ya pwani haiifichi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyama vya wanawake vya lelemama mjini Mombasa vilishindana kwa ngoma, mavazi, karamu na nyimbo za mafumbo. Ushindani wa Ibinaal Watan na Banu Saada unakumbukwa hadi leo. Nyimbo zilizoanza kama kijembe ziliweza kufichua aibu za nyumba za watu na kuwatenganisha waliokuwa marafiki.

Mfano mwingine ni Kimondo cha Lamu. Katika miaka ya 1974 na 1975, wakati wa kinyang'anyiro cha kiti cha ubunge cha Lamu Mashariki, washairi wa pande mbili walijibizana vikali. Miongoni mwao alikuwa Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayejulikana kama Ustadh Mau, na wanawake pia hawakuachwa nyuma. Mashairi yalinaswa kwenye kanda za kaseti, yakasikilizwa majumbani na kupitishwa kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Kimondo kilionyesha jinsi shairi linavyoweza kuwa na nguvu katika siasa za watu wa kawaida. Kilionyesha pia jinsi maneno yaliyopangwa vizuri yanavyouma kuliko tusi la barabarani, kwa kuwa tusi husahaulika ilhali ubeti hukaririwa na watoto.

Ndiyo maana waliozoea malumbano huzingatia adabu. Anayejibu huanza kwa kumsalimu mwenzake na kumtaja kwa heshima, hata kama anakusudia kumchapa katika ubeti wa tatu. Hoja na sanaa ya mwenzake ni halali kushambuliwa: vina vilivyokosewa, mizani iliyopungua, fumbo lililo wazi mno. Wazazi wake, maumbile yake, kabila lake na dini yake huachwa nje.

Mpambanuzi au mhariri naye ana wajibu. Huyo ndiye refa. Akiona ubeti umevuka mpaka, haupitishi, na akiona washindani wamechoka huufunga mjadala kwa kuwashukuru wote wawili.

Sauti mbili ndani ya seli

Labda ushahidi mkubwa wa nguvu ya kujibizana unatoka mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kujibu.

Mwaka 1969, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi? uliokosoa serikali. Alizuiliwa peke yake katika gereza la Kamiti, akiwa amenyimwa wenzake wa kuzungumza nao. Alitunga kwa siri na kuandika kwenye karatasi za msalani.

Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Mojawapo ni Mnazi: Vuta N'kuvute, ambapo Alii na Badi wanauzozania mnazi, kila mmoja akijibu hoja ya mwenzake. Wasomaji wengi wameuona mnazi huo kuwa ni nchi, na wazozanaji kuwa ni wale walionacho na wale walionyimwa.

Mshairi aliyefungiwa peke yake alitunga mazungumzo ya watu wawili. Katika ushairi aliolelewa nao, hoja isiyo na mtu wa kuipinga ilikuwa haijakamilika.

Shuleni na majumbani

Shule za Kenya hazijakosa ushairi. Katika Tamasha za Muziki za Kenya, wanafunzi hukariri na kughani mashairi ya Kiswahili mbele ya waamuzi, na wengi wao hufanya kazi nzuri. Lakini kukariri shairi la mtu mwingine na kulijibu ni mambo mawili tofauti. Anayekariri hupimwa kwa sauti na miondoko. Anayejibu hulazimika kulisoma shairi hadi alielewe, kwa maana asipolielewa ataaibika.

Hapo ndipo lilipo jambo la kuhofiwa. Kizazi kinachojua kuhesabu mizani ya wengine bila kutunga ubeti wake kitaweza kuufanyia ushairi mtihani, na hakitakuwa na sababu ya kuurudia baada ya mtihani. Magwiji waliotajwa hapo juu hawakuupenda ushairi kwa sababu walitahiniwa. Waliupenda kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili aliyekuwa akiwangoja.

Kuuanzisha mchezo hakuhitaji gharama. Kikundi cha watu watano au sita kinatosha, kiwe darasani, kazini, nyumbani au kwa njia ya simu. Mambo yafuatayo yamethibitika kufaa katika desturi ya malumbano, na yanaweza kufuatwa na wanaoanza.

Kwanza, shairi la kuanzia liwe fupi. Ubeti mmoja wa fumbo humvuta mtu anayeogopa kuliko utenzi wa beti 100. Muyaka mwenyewe aliutikisa mji kwa ubeti mmoja.

Pili, mada iwe ya karibu: bei ya unga, matatu iliyojaa, mvua iliyochelewa, mgeni asiyeaga. Mada kubwa kama uzalendo na amani huzaa mahubiri, na mahubiri ni vigumu kuyajibu kwa mzaha.

Tatu, kanuni zitangazwe mapema. Kikundi kikubaliane juu ya idadi ya mishororo, mizani na vina, pamoja na siku ya mwisho ya kujibu. Wanaochipukia wanaweza kuanza na vina vya mwisho pekee, kisha wakaongeza vina vya kati wakishazoea.

Nne, shairi lisomwe kwa sauti kabla ya kujibiwa. Sikio hugundua mizani iliyozidi kabla ya kidole kumaliza kuhesabu. Tena, kughani hufanya shairi kuwa mali ya kundi zima.

Tano, kosa lisahihishwe kwa ubeti. Badala ya kumwambia mwenzake kwamba amepotea, mkosoaji atunge ubeti unaomwonyesha njia. Huu ni ukosoaji unaomgharimu mkosoaji jasho, hivyo hautolewi ovyo.

Sita, awepo mtu wa kuhifadhi. Mashairi na majibu yake yaandikwe pamoja katika daftari moja, kwa mfuatano wake, yakiwa na tarehe na lakabu. Mombasa ilimhitaji Mwalimu Sikujua ili Muyaka asisahaulike. Kila kikundi kinamhitaji wake.

Wa kwanza kutupa jiwe

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni ya yule anayeanza, kwa kuwa yeye hutunga bila kujua kama atajibiwa. Wengine watatu wakishaingia, aibu hupungua na kila mmoja huanza kumvizia mwenzake.

Kwa wasomaji watakaotaka kujaribu nyumbani, ubeti huu wa fumbo umeachwa bila jibu:

Kila siku yanijia, bado haijawasili,
Watu huitegemea, wa chini na wenye mali,
Mdeni huisifia, mvivu aikubali,
Malenga nawaachia, itajeni kwa akili.

Kina cha kati ni "a" na cha mwisho ni "li". Atakayelifumbua asisahau kumwachia mwenzake swali jingine katika mshororo wa nne.